Chumba cha Sh 620,000 kinauzwa Sh 310,000: mtego uko wapi?

"Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Dodoma. Mwezi ujao ndoa yetu inatimiza miaka kumi. Mume wangu na mimi tumepanga kushuka Dar kwa SGR siku ya Ijumaa, tulale siku mbili kwenye hoteli ya nyota tano pale Posta, turudi Jumapili. Watoto watabaki kwa bibi yao. Kwenye tovuti moja ya kuhifadhi vyumba nimeona chumba ambacho bei yake ya kawaida ni Sh 620,000 kwa usiku kinauzwa Sh 310,000, bila kifungua kinywa, na wameandika kwamba ukishalipa pesa hairudi. Chini yake kuna bei nyingine, Sh 385,000, yenye kifungua kinywa cha watu wawili na ruhusa ya kughairi hadi siku mbili kabla. Shemeji yangu anasema bei za nusu ni za vyumba vibovu vya karibu na jiko, na kwamba tukifika watatukata pesa nyingine kwenye kadi. Hatujawahi kulala hoteli ya namna hiyo, na tumejinyima miezi minane. Je, ni utapeli? Tutahudumiwa kama wengine? Tufanye nini tusije tukaaibika kaunta?"

Mwalimu, kwanza hongereni kwa miaka kumi. Nimekaa mapokezi, halafu nikahamia idara ya kupanga bei za vyumba, kwenye hoteli za mjini Dar na Nairobi, kwa hiyo watu wenye maswali kama yako nimewapokea kaunta mara nyingi, ingawa wengi hawathubutu kuyauliza. Umeuliza mambo matatu, lakini naona hofu ni moja: kwamba aliyelipa nusu atahesabiwa nusu mgeni. Shemeji yako amekosea kuhusu chumba. Kuhusu kadi amepatia, ila hakukueleza vizuri, na hapo ndipo nitakapokaa zaidi.

Wewe unaishi Dodoma, kwa hiyo somo la kwanza unalijua tayari. Bunge la bajeti likianza Aprili, gesti ile ile, kitanda kile kile, feni ile ile inayolia, bei inapanda, na mgeni akichelewa kupiga simu anaambiwa hakuna nafasi. Bunge likiahirishwa mwishoni mwa Juni, mwenye gesti anaanza kukupigia yeye. Kitanda hakijabadilika. Aliyebadilika ni mtu anayekitaka.

Posta na Kivukoni kalenda yao ni ya wiki. Hoteli kubwa za pale, kuanzia Serena ya Mtaa wa Ohio hadi Hyatt Regency, ile Kilimanjaro ya zamani iliyofunguliwa 1965, zimezungukwa na benki, wizara zilizobaki, balozi na ofisi za meli. Wanaozijaza ni watu wa kazi: wanaingia Jumapili jioni au Jumatatu, wanaondoka Alhamisi au Ijumaa. Ijumaa saa kumi na moja jioni korido zinakuwa kimya hadi unasikia jokofu la barafu likiunguruma. Wanaotaka kupumzika wikiendi wanakwenda ufukweni, Mbezi, Kigamboni au Zanzibar, na huko bei ndiyo kwanza inapanda. Ninyi mmechagua Ijumaa hadi Jumapili katikati ya mji, yaani siku zile zile ambazo hoteli ya Posta inatafuta watu kwa tochi. Mngechagua Jumanne, au siku za Sabasaba maonyesho yakiwa yamepamba moto, bei hiyo msingeiona.

Chumba ambacho leo hakikulala mtu ni kama kiti cha basi lililokwisha toka stendi. Kesho huwezi kukiuza mara mbili ili kufidia. Umeme wa korido unalipwa, mlinzi analipwa, mpishi analipwa, chumba kiwe na mtu au kisiwe naye. Gharama ya ziada ya kukulaza wewe ni kufua mashuka, sabuni, maji na muda wa mhudumu wa usafi, kiasi kidogo sana ukilinganisha na Sh 310,000. Ndiyo maana hoteli inakubali nusu kwa moyo mweupe. Hesabu hii hoteli zimejifunza kwa mashirika ya ndege. American Airlines walianza kuifanyia kazi kwa kompyuta baada ya serikali ya Marekani kuacha kuwapangia nauli mwaka 1978, na miaka ya themanini kampuni ya Marriott ikaihamishia vyumbani. Leo programu ya bei inaweza kubadilisha bei ya chumba kimoja mara kadhaa kwa siku, na aliye kaunta anaiona kwa wakati mmoja na wewe.

Neno dogo kuhusu hizo Sh 620,000. Hiyo ni bei ya orodha, na wanaoilipa ni wachache mno. Kampuni kubwa zina mikataba, mashirika yana bei zao, mawakala wana zao. Kwa hiyo usilipime punguzo kwa namba iliyokatwa mstari mwekundu. Lipime kwa bei ya wikiendi nyingine ya mwezi huo huo, na kwa hoteli ya jirani. Mara nyingi utakuta "nusu bei" kwa kweli ni punguzo la robo. Bado ni nafuu, lakini isikutoe pumzi ukalipa kabla ya kusoma.

Sasa chumba. Hoteli za namna hiyo hazina vyumba vya siri vya watu wa ofa. Tovuti imekuuzia aina ya chumba, na vyumba vyote vya aina hiyo vina kitanda, bafu na mashuka yale yale. Lakini nisikufiche: asubuhi ya siku ya kuwapokea, mtu wa mapokezi anakaa na orodha ya wanaoingia na kuwagawia namba za vyumba. Wenye uanachama wa hoteli wanatangulia, halafu wateja wa mikataba, halafu wanaokaa siku nyingi. Aliyekuja kupitia tovuti, siku chache, bei ya chini, anapangiwa karibu mwishoni. Hapewi kibovu, ila anaweza kupewa cha ghorofa ya chini, kilicho jirani na lifti, au kinachotazama ukuta wa jengo la nyuma badala ya bandari. Orodha hiyo hupangwa kwa penseli, tuseme. Nimebadilisha vyumba vya watu mara nyingi kwa sababu tu walipiga simu siku moja kabla, wakasema kwa upole, "Tunaadhimisha miaka kumi ya ndoa, tungeshukuru kupata chumba cha juu, mbali na lifti." Wikiendi, hoteli ikiwa nusu tupu, ombi hilo halimgharimu mtu chochote. Mwambie mtu wa simu aliandike kwenye nafasi yenu, lisiishie masikioni mwake. Usishangae mkikuta kipande cha keki kitandani. Msipokikuta, msinung'unike, kwa kuwa hakikuwa kwenye mkataba.

Hapo kwenye mkataba ndipo punguzo lilipo hasa. Bei hizo mbili ulizoniandikia ni za chumba kimoja, kilichotofautiana ni masharti. Kwa siku mbili, ya kwanza ni Sh 620,000 na ya pili ni Sh 770,000. Tofauti ni Sh 150,000. Piga simu uulize kifungua kinywa kinauzwa bei gani kwa asiyekuwa nacho. Tuseme ni Sh 60,000 kwa kichwa, ambayo si bei ya ajabu kwa hoteli ya daraja hilo. Watu wawili, asubuhi mbili, ni Sh 240,000. Mkila hapo, bei ya "ghali" imekuwa nafuu kwa Sh 90,000. Kama ninyi ni watu wa kutoka asubuhi kutafuta chapati na supu Kisutu, hesabu inageuka, na sitawalaumu, kwa maana supu ya Kisutu haina mpinzani kwenye meza yoyote ya hotelini. Lakini kwa sherehe ya miaka kumi, ile asubuhi ya kukaa taratibu, mtu anakukaangia yai mbele yako huku feri ya Kigamboni inavuka kule chini, nadhani ni sehemu ya kilichowafanya mjinyime miezi minane.

Halafu kuna kughairi. Wewe ni mwalimu na ni mama. Mtoto anaweza kushikwa na homa Alhamisi usiku, mkuu wa shule anaweza kukupangia usimamizi wa mtihani. Kwa bei ya kwanza, siku hiyo Sh 620,000 zimekwenda, na mtu wa mapokezi, hata akiwa na huruma, mara nyingi hana mamlaka ya kuzirudisha. Bei isiyorudi namshauri mtu anayelala kesho au keshokutwa. Kwa safari ya mwezi ujao, chukua ya Sh 385,000. Na kwa kuwa inakuruhusu kughairi, wiki moja kabla ya safari angalia tena: bei ikiwa imeshuka, hifadhi upya, kisha ghairi ile ya zamani. Fuata mpangilio huo huo, upya kwanza, kughairi baadaye.

Kabla ya kubonyeza, angalia maandishi madogo yanasema nini kuhusu kodi. Kiwango cha kawaida cha VAT Tanzania Bara ni asilimia 18. Kama Sh 310,000 haijaijumlisha, usiku mmoja unakuwa Sh 365,800, na siku mbili ni Sh 731,600. Tovuti nyingine huonyesha kodi kwenye ukurasa wa mwisho tu, ukiwa umeshaanza kufikiria gauni. Angalia pia sarafu. Tangu Machi 28, 2025, kanuni zinakataza bei za ndani ya nchi kutajwa au kudaiwa kwa fedha za kigeni, lakini tovuti iliyoko ng'ambo inaweza kukukata kwa dola, na benki yako ikaongeza gharama za kubadilisha. Ukipewa uchaguzi wa kulipa hotelini kwa shilingi, uchague huo.

Na kabla ya tovuti kabisa, ipigie simu hoteli yenyewe. Tovuti huchukua kamisheni, kwa kawaida kati ya asilimia 15 na 25 ya bei ya chumba. Hoteli haipendi kukuambia hadharani, lakini ukisema, "Nimeona Sh 385,000 na kifungua kinywa, ninyi mnaweza kunipa nini nikihifadhi kwenu moja kwa moja?" unampa aliye upande wa pili sababu ya kukufurahisha. Huenda bei isishuke. Anachoweza kuongeza ni chumba cha juu zaidi, au kukaa hadi saa kumi Jumapili, au chakula cha jioni kwa punguzo. Uliza pia kama kuna bei ya wakazi wa Afrika Mashariki.

Sasa kadi, alikopatia shemeji. Mkifika kaunta, hata kama chumba kimelipwa chote, mtaombwa amana ya matumizi: vinywaji vya friji ndogo, chakula cha chumbani, kufuliwa nguo. Tuseme ni Sh 200,000 kwa siku, kwa siku mbili Sh 400,000. Hoteli haizichukui pesa hizo. Inaiomba benki yako izifungie, kama mtu anavyowekewa kizuizi kwenye shamba: bado ni lako, lakini huwezi kuuza. Mtu mwenye kadi ya mkopo hahisi chochote, kwa sababu kinachofungwa ni kiwango chake cha kukopa. Sisi wengi tuna kadi za akaunti ya mshahara. Kinachofungwa ni mshahara wenyewe. Mkiondoka, hoteli inatoza mlichotumia na kuachia kilichobaki ndani ya dakika, lakini benki inaweza kuchukua siku kadhaa, hata zaidi ya wiki, kukifungua. Hapo ndipo watu wanapopiga kelele "wametuibia", huku hoteli inaapa haijachukua senti, na wote wawili wanasema kweli.

Yamenikuta mimi mwenyewe, tena nikiwa tayari kwenye kazi hii, jambo linaloniumiza zaidi. Nilikwenda Nairobi kwa usaili, nikapewa chumba kizuri sana kilicholipiwa na waliponiita. Kaunta nikatoa kadi yangu kwa mbwembwe, wakafungia amana, nikapanda juu. Jioni nikashuka kununua chakula nje, mashine ikakataa. Mara ya pili ikakataa. Nilikuwa na shilingi chache za Kenya mfukoni. Usiku ule nilikula maandazi mawili ya barabarani na chai ya pakiti za chumbani, nimevaa joho jeupe la taulo, natazama taa za Uhuru Highway. Hoteli ilikuwa imefanya kazi yake sawasawa. Mjinga nilikuwa mimi ambaye sikuuliza ni kiasi gani.

Kwa hiyo uliza kwa simu, kabla ya kupanda treni: amana ni kiasi gani, na mnapokea taslimu? Hoteli nyingi hupokea. Ukitoa taslimu, dai stakabadhi yenye kiasi, tarehe na jina lako, na uulize keshia anafika saa ngapi Jumapili ili mrudishiwe. Njia nyingine ninayoipenda zaidi: waambie, "Hatutatumia friji wala huduma za chumbani, tutalipa kila kitu papo hapo." Wataondoa vinywaji au kufunga friji, na kuzuia bili za mgahawani zisiandikwe kwenye hesabu ya chumba chenu. Amana inashuka sana, wakati mwingine inaondolewa. Hilo si jambo la aibu hata kidogo. Wafanyabiashara wenye magari ya mamilioni huliomba kila siku. Kama lazima mtumie kadi, tumieni yenye akaunti ya pembeni, msiigusie ile ya ada na kodi ya nyumba. Na kama mtalipia chumba kwa kadi ya mtandaoni ya pesa za simu, tahadhari: kaunta wengine hutaka kuiona kadi iliyolipia, kwa mkono, na hiyo haina umbo. Waulize mapema watakubali nini badala yake.

Utapeli upo, lakini haukai pale unapoutazamia. Bei ya nusu kwa hoteli ya Posta siku ya Jumamosi si dalili. Dalili ni kutakiwa kutuma pesa kwa namba ya simu yenye jina la mtu binafsi. Dalili ni ujumbe unaokuja baada ya kuhifadhi, unaojifanya ni wa hoteli au tovuti, ukisema nafasi yako itafutwa usipohakikisha kadi kwa kubonyeza kiungo. Huo umewakamata hata wajanja, kwa sababu unataja jina lako na tarehe zako halisi. Usibonyeze. Chukua namba ya simu kwenye tovuti ya hoteli yenyewe, piga, uliza kama jina lako limo na upewe namba ya uthibitisho ya hoteli, mbali na ile ya tovuti. Nafasi iliyolipwa leo inaweza kuchelewa kidogo kuonekana kwao, kwa hiyo wasipoiona, piga tena kesho yake kabla ya kuingiwa na hofu.

Kuna ukweli mwingine wa hotelini usiosemwa sana: tunauza vyumba zaidi ya tulivyonavyo, tukijua wapo wasiofika. Hesabu ikikosea, anayehamishiwa hoteli nyingine ni aliyechelewa, na mara nyingi ni wa bei ya chini. Wikiendi ya kawaida hatari ni ndogo. Treni yenu ikichelewa mkaona mtafika usiku, pigeni simu mseme mnakuja. Ikitokea mmehamishwa, hoteli mliyohifadhi ndiyo inayopaswa kutafuta chumba cha hadhi hiyo hiyo na kugharamia usafiri. Simameni hapo hapo kaunta, ombeni meneja wa zamu, msikubali kuondoka na ahadi ya mdomo.

Kuhusu kuaibika. Mlangoni mabegi yatapita kwenye mashine ya ukaguzi, ya kila mtu, hata ya balozi. Beba kitambulisho cha NIDA, na mume wako chake. Vaeni mnavyovaa mkienda harusini mchana, au nadhifu tu, inatosha. Kijana atataka kuwabebea begi. Mpeni, na bakshishi ya elfu mbili au tano haitamshangaza wala kumuudhi. Vyumba huanza kutolewa saa nane au saa tisa mchana. Mkifika kabla, mabegi yanahifadhiwa bure na mnaweza kukaa kando ya bwawa. Chupa za maji zilizo kando ya kitanda kwa kawaida ni za bure, zilizo ndani ya friji si za bure. Mkiwa na shaka, pigeni simu mapokezi muulize. Mtu anayeuliza haonekani mshamba, anaonekana mtu anayejua thamani ya pesa yake.

Mambo mawili hayafai kumalizwa kwa simu. La kwanza, nenda tawi la benki yako kabla ya safari, muulize mtu wa dawati kama kadi yako inaruhusu malipo ya mtandaoni, kiwango chake kwa siku ni kiasi gani, na amana ikifungwa hufunguliwa baada ya siku ngapi. La pili, kama una ndugu Dar, mwombe apite hotelini ana kwa ana na namba yako ya uthibitisho. Dakika kumi zake zina thamani kuliko barua pepe tano. Na kama pesa imeshakwenda kwa tapeli, usipoteze siku ukinilalamikia mimi: ita benki au mtandao wa simu saa hiyo hiyo wazuie, tuma namba ya tapeli kwenda 15040, kisha fika polisi upate taarifa ya maandishi, kwa kuwa benki wataiomba. Benki yenyewe ikikuzungusha kuhusu amana isiyofunguliwa, Benki Kuu ina mfumo wa kupokea malalamiko ya wateja.

Jumamosi usiku, kabla ya kulala, shukeni kaunta kwa mambo mawili. Ombeni muda wa ziada Jumapili, maana siku hiyo wageni wapya huingia jioni na vyumba vingi vinakaa bure mchana. Halafu ombeni kuchapishiwa hesabu yenu ilivyo hadi saa hiyo, muipitie mstari kwa mstari mkiwa hamna haraka ya treni. Kosa likiwapo, sahihisheni usiku huo. Asubuhi mkilipa, chukueni karatasi mbili: risiti ya malipo, na ile inayoonyesha amana imeachiwa. Ya pili ikae kwenye pochi yako hadi siku utakapoangalia salio na kukuta pesa yote imerudi.